Namba ya Saa Moja Asubuhi

Wasifu wa baba ulisomwa na kaka yangu kutoka kwenye simu yake, kwa sababu mimi, mwalimu wa familia, nilishindwa kuuandika. Kamati ya mazishi ilinikabidhi kazi hiyo bila hata kuniuliza. Kwao mwalimu ni mtu wa kuandika, kama fundi cherehani alivyo mtu wa kushona. Nilikaa na karatasi mchana kutwa, nikaandika jina lake na kijiji alichozaliwa, nikakwama hapo. Jioni kaka alinihurumia, akauandika mwenyewe, na kesho yake akausoma chini ya turubai: kwamba marehemu alikuwa askari aliyepigana vita vya Kagera, mtumishi wa umma aliyeitumikia idara ya maji mpaka akastaafu, na baba aliyeipenda familia yake. Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Hapakuwa na uongo katika wasifu ule. Ila haukusema lolote juu ya madaftari, wala juu ya kaburi la mama, wala juu ya nilichofanya mimi. Namshukuru kaka kwa hilo na pia ninamlaumu. Nikisema sina hakika kipi kinazidi, ndivyo ilivyo.

Nyumbani kwetu ni upande wa Magu, chini kabisa, mahali shamba linapoishia ziwani. Palikuwa na gati la zamani la kupakilia pamba, bovu tangu sijazaliwa, na kando yake lilisimama bao la chuma lililochomekwa majini, limepakwa mistari myeusi na myeupe yenye tarakimu. Serikali ililiweka hapo kupima kimo cha maji ya ziwa. Kijijini tuliliita rula. Kazi ya baba, kati ya kazi nyingi za maji alizofanya, pampu, visima, mabomba, ilikuwa kuisoma rula ile kila siku saa moja asubuhi, kuandika namba kwenye daftari, na mwisho wa mwezi kupeleka nakala Mwanza. Kwa miaka yote ya utumishi wake sikumbuki siku aliyokwenda saa moja na dakika tano.

Watoto wa watumishi wengine walijivunia baba zao wenye pikipiki za ofisi. Mimi nilijivunia baba mwenye rula. Alinichukua nikiwa darasa la pili, akakunja suruali, akanibeba begani mpaka kwenye bao, akanifundisha. Maji hayatulii, alisema, kwa hiyo ukitazama mara moja unadanganywa. Hesabu mawimbi kumi. Shika namba ya juu kabisa iliyoguswa na ya chini kabisa, halafu chukua ya katikati. Jicho lako liwe sawa na maji, usisome ukiwa umesimama wima kama mkaguzi. Ndiyo sababu kila siku alirudi amelowa, na ndiyo sababu mama alimtania kwamba ameolewa na mwanamume mwenye suruali moja kavu, ya kanisani.

Na ukiumwa? Nilimuuliza hilo siku ileile. Akafungua daftari akanionyesha siku aliyolala na malaria. Palikuwa na tarehe, na mbele yake neno moja: haikusomwa. Akasema hapana aibu kuandika hivyo. Aibu ni kukisia.

Sababu ya ukali wake juu ya kukisia aliniambia mara moja tu, nikiwa nimeshaanza kazi. Hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya vita na bunduki. Wenzake wa rika lake walipokutana kwenye misiba walipiga hadithi, yeye akawa mtu wa kuchochea moto. Siku hiyo tulikuwa tunapukuchua mahindi wawili, na bila mimi kuuliza akasema kwamba kikosi chao kilifika kwenye mto, na mmoja wao akatumwa kupima kina. Yule kijana alikuwa amechoka. Hakuingia. Alitupa jiwe, akasikiliza, akarudi kusema maji yanafika kiunoni. Watatu wa kwanza waliingia kwa kuamini namba hiyo na hawakutoka. Baba alikuwa wa nne kwenye mstari. Alimaliza hindi alilokuwa nalo mkononi, akachukua jingine, na sikuweza kujua kama anataka nimjibu. Nami nikachukua langu. Niliogopa kusema neno la kijinga.

Kwa hiyo mtu huyo alirudi kutoka vitani akaomba kazi ya kupima maji. Wasifu ungeweza kusema hivyo kwa sentensi moja. Mimi niliyejua sikuweza kuiandika, na kaka hakuwahi kuambiwa.

Kuhusu kuipenda familia, kaka aliandika sawasawa, ingawa wanaume wote hupewa sifa hiyo wakifa, hata waliokuwa wanapiga wake zao. Baba yetu aliistahili. Alifua sare zetu kwa mikono yake Jumapili mchana, uani, bila kujificha, na wanaume waliopita njiani walikohoa kwa makusudi, naye akawasalimu mwangaluka, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hata kama ni saa nane, ili wajue amewasikia. Mama alipougua ini, alimpikia uji, akamwogesha, akamsuka nywele vibaya mpaka mama akacheka kwa maumivu. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja tu. Mama alisema anashukuru serikali kwa kumrudishia mume wake kwa wakati.

Mama alikuwa na bustani ya mchicha na nyanya kule chini, karibu na maji, na aliomba azikwe kando yake. Wazee walipinga, wakasema mama wa nyumba anazikwa karibu na nyumba. Baba alisema atazikwa alipoomba. Lakini hakuchimba kabla ya kuingia ndani na kutoa madaftari yake yote, ya miaka yote, akayapanga kitandani na kuyapekua ukurasa kwa ukurasa huku maiti iko hospitali na waombolezaji wamejaa uwanjani. Alitafuta siku maji yalipopanda kuliko siku zote. Alipoipata, alishuka na fimbo na kamba, akapima, akaongeza hatua za ziada kwa usalama, akachora msalaba kwa kisigino. Akaniambia, "Hapa maji hayajawahi kufika, mama. Nimeandika mwenyewe."

Upande wa kulia wa kaburi aliacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Kisha akapanda minyaa mistari miwili kutoka uani mpaka pale chini, ikawa kama ukumbi, na kila Jumapili baada ya misa alipita katikati yake kwenda kumsalimia.

Wakati huo rula ilikuwa imeachwa. Walifunga mashine mahali pengine, inayotuma vipimo yenyewe, na barua ikaja kumshukuru. Baba aliisoma barua, akaikunja, na kesho yake saa moja alikuwa majini. Alinunua madaftari kwa fedha yake mwenyewe. Nilipomuuliza anampelekea nani, alisema anamwekea mama ulinzi.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Tulimpeleka Mwanza, daktari akasema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Kilichobaki kilikuwa mwanga na giza, na baada ya muda giza. Nilikuwa nafundisha shule ya jirani na nilikuwa nimerudi kuishi naye, mwanamke niliyeachika na asiye na mtoto, kwa hiyo rula ikawa yangu. Saa moja kasoro nilishuka, nikapanda, nikamkuta kwenye kiti chake barazani na daftari magotini. Nilitaja namba, yeye akasema, "Andika," nami nikaandika. Halafu akauliza swali lilelile kila siku: imebaki kiasi gani kufika kwa mama yako. Nilimwambia. Akanywa chai.

Uongo wa kwanza nauona mpaka leo. Ilikuwa mvua, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na nilichelewa kuamka. Nilisimama jikoni nikatazama njia ilivyokuwa tope, nikarudi barazani nikamtajia namba ya jana. Andika, akasema. Nikaandika. Ningeweza kumwambia haikusomwa, neno aliloniruhusu tangu darasa la pili, na angenywa chai yake kwa amani. Lakini mimi ni mtu wa kutopenda kuonekana nimeshindwa kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Huo ndio ugonjwa wangu, na wanafunzi wangu wanaujua kuliko mimi.

Hakuna kilichotokea. Hapo ndipo ubaya ulipo, hakuna kilichotokea. Wiki nyingine nikafanya tena.

Mwaka ule mvua hazikujua kukoma. Ziwa lilianza kupanda taratibu, kila siku kidogo, kwa upole, hata hukuweza kuliona isipokuwa kwa namba. Siku moja nilishuka kweli, nikahesabu mawimbi kumi, na namba niliyoipata ilipita ile kubwa kuliko zote katika madaftari yake. Maji yalikuwa yamevuka kimo cha siku ile yalipopanda kuliko siku zote. Kati ya ziwa na mama zilibaki zile hatua za ziada tu.

Nilipanda polepole. Mwezi huo baba alikuwa ameanguka mara moja bafuni, shinikizo la damu lilikuwa juu, na daktari alituambia asishtuliwe. Nilimkuta ameshanyoosha shingo kunisikiliza. Akauliza namba. Nikamtajia ndogo. Akauliza imebaki kiasi gani kufika kwa mama yako, nikasema bado mbali, baba. Alitabasamu. Nilijiambia nimemwokoa.

Tangu siku hiyo sikushuka kwa ajili ya kusoma. Nilitoka nyumbani saa moja kasoro kama kawaida, nikajibanza nyuma ya banda la kuku kwa muda unaotosha mtu kushuka na kupanda, kisha nikarudi na namba niliyoitunga. Mwanamke wa makamo, mwalimu mkuu msaidizi, nimejificha na kuku. Nilitunga kwa ustadi: leo inapanda kidogo, kesho inashuka kidogo zaidi, kama maji halisi yanavyofanya. Alinifundisha vizuri mno.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miezi, kwa sababu kijiji kizima kilinisaidia kuitembea. Kwetu habari mbaya haiendi moja kwa moja kwa mzee mgonjwa, inapitia kwa mtoto anayemtunza, na yeye ndiye anayejua lini na kwa maneno gani. Waliokuja kumjulia hali waliniita pembeni kwanza. Niliwaomba wanyamaze, wakanyamaza, wakaingia kumpa shikamoo na kuzungumza bei ya mpunga. Watu wazima waliopoteza mashamba yao kwa maji yaleyale walikaa mbele yake wakisifia hali ya hewa.

Yeye mwenyewe alikuwa na masikio. Asubuhi moja alisema mawimbi yamekuwa karibu siku hizi. Nikasema ni upepo. Siku nyingine akauliza kama vyura wamehamia kwetu. Nikasema ni mvua hizi, baba, wako kila mahali. Akafikiri kidogo, akaomba nimtajie tena namba ya siku hiyo, nikamtajia, akaridhika. Masikio yake yalimwambia jambo moja na namba yangu jambo lingine, naye akaamini namba.

Kaka alikuja kutoka Mwanza, tukashuka wawili kuangalia. Bustani ya mama haikuwepo. Maji yalikuwa hatua chache kutoka kwenye miguu ya kaburi. Kaka, ambaye hulia kwa shida, alichuchumaa akalia. Tulikwenda kwa baba mdogo, mdogo wake baba na mkubwa wa wazee wa ukoo, kuomba mama ahamishwe haraka. Kibali cha wilaya kaka angekishughulikia. Baba mdogo alitusikiliza mpaka mwisho.

"Kaburi la mke linaguswa kwa kauli ya mume," akasema. "Mume yupo hai. Mwambieni, akisema neno, kesho tunachimba."

Tulikubaliana nimwambie mimi kwa sababu mimi ndiye ninayejua lini na kwa maneno gani. Kaka alirudi mjini. Alipiga simu kesho yake: umeshamwambia? Nikasema leo presha iko juu. Akapiga tena. Nikasema Jumapili, baada ya komunyo, akiwa ametulia. Jumapili ikafika, padri akaja kumkomunisha, baba akawa mchangamfu kuliko siku nyingi, akaimba hata. Nani angemwambia siku ile? Usipoziba ufa utajenga ukuta, niliwafundisha watoto methali hiyo wiki hiyohiyo, nikaiandika ubaoni, nikawataka watoe mfano.

Kila asubuhi niliamka na maneno tayari mdomoni. Kila asubuhi nilimkuta ananisubiri na daftari, uso umeelekezwa upande nitakaotokea, na maneno yakarudi tumboni. Kumwambia kaburi lipo hatarini ilikuwa kumwambia pia kwamba namba zote zile nilizikisia. La kwanza ningeweza. La pili sikuweza, na nisingizie nini. Presha ya baba ilikuwa kweli, lakini mimi niliiegemea kama mlevi anavyoegemea ukuta.

Maji hayakunisubiri. Yaligusa kaburi, yakalizunguka, yakalifunika.

Siku baba alipokwenda mwenyewe nilikuwa mahali pangu nyuma ya banda la kuku. Sikumsikia. Nilihesabu muda wangu, nikatoka, nikakuta kiti kitupu na daftari juu yake. Fimbo haikuwepo. Nikaiona minyaa imetikisika, nikajua ameifuata kwa mkono mpaka chini, na nilikimbia nikiwa najua nimechelewa, si kwa dakika, kwa miezi.

Alikuwa amesimama majini, maji yamempita magoti, suruali haikukunjwa. Aliinama, anapapasa kwa fimbo. Fimbo ilikuwa inagonga saruji. Alikuwa amempata. Nilisimama ukingoni mikono imening'inia. Alijua nipo. Alipapasa ukingo wa kaburi mpaka penye nafasi aliyoiacha upande wa kulia, akasimama hapo, juu ya mahali pake mwenyewe, akageuza uso kwangu.

"Leta daftari."

Nilipanda nikalileta. Alisimamisha fimbo juu ya kaburi, akashika kwa vidole viwili pale maji yalipogusa, na nikamwona midomo inacheza. Alikuwa anahesabu mawimbi. Alihesabu kumi. Akapandisha kidole kwa la juu, akashusha kwa la chini, akachukua katikati, kisha akaipima fimbo kwa mkono wake toka hapo mpaka ncha.

"Andika. Juu ya mke wangu, shubiri mbili na vidole vitatu."

Niliandika. Mwandiko wa siku hiyo si wa mwalimu. Nilimshika mkono tukapanda. Sikuomba msamaha njiani kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitapiga kelele. Nilimvua suruali, nikamkausha miguu, nikamwekea chai, na alipokwisha kuinywa ndipo aliposema bila ukali wowote, kana kwamba ananipa taarifa.

"Ungeniambia likiwa kavu, ningesema neno."

Ukali ningeupokea. Ningemshukuru kwa kofi. Nilikwenda jikoni nikakaa chini na kuuma kanga yangu.

Neno alilisema siku hiyohiyo. Baba mdogo aliitwa, kaka akaja na mtu wa wilaya, wakashuka, wakatazama, wakapanda. Yule bwana alisema kwa heshima kwamba kaburi lililo chini ya maji halichimbwi, udongo umelegea, itabidi tusubiri ziwa lirudi. Kaka akauliza litarudi lini. Bwana akatazama kule chini na kusema hilo yeye hajui. Baba, ambaye maisha yake yote aliulizwa swali hilo na wakulima na wavuvi, alisema kwamba hata yeye hajui.

Kilichobaki kilikuwa kusubiri, na kusoma. Rula ilikuwa imelala majini zamani, kwa hiyo kaka alichomeka bomba la chuma karibu na kaburi na kulichora kwa rangi. Saa moja kasoro nilishuka. Niliingia majini kweli, nikainamisha jicho, nikahesabu kumi. Nikapanda, nikamtajia namba ya kwanza ya kweli baada ya miezi.

Hakusema andika. Alisema, "Sogea."

Nikasogea. Alinyoosha mkono hewani, akapapasa mpaka akashika upindo wa kanga yangu, akausugua kati ya vidole. Ulikuwa unadondosha maji. Akauachia.

"Haya. Andika."

Ikawa hivyo kila siku. Nilitaja namba, mkono ukaja. Hakuwahi kuuliza kama nina hakika, hakuwahi kunisimanga, na mbele za watu aliendelea kunisifu kwamba bila mimi angekuwa ameshakufa. Ila mkono ulikuja. Nilijaribu mambo ya kitoto. Nilirudi nimelowa mpaka kiunoni ili ajue. Nilimletea gugumaji, nikaliweka kiganjani mwake. Alilipokea, akalinusa, akasema asante, wabeja sana, na bado akatafuta upindo. Mtu akishavunja imani ya aina ile hana anachoweza kuleta. Ningemletea ziwa lenyewe kwenye ndoo, angeuliza limechotwa wapi.

Siku moja tu haikuwa hivyo. Niliamka na malaria, miguu haina nguvu, nikajikokota mpaka barazani nikamwambia, baba, leo sikwenda. Aligeuza uso kwangu. Nikasubiri mkono, haukuja.

"Andika haikusomwa," akasema. Kisha akaniambia nikalale, atamwomba jirani anipikie uji. Nililala nikiwa na homa na furaha kubwa kuliko niliyowahi kupata kanisani. Kesho yake nilishuka, nikasoma, nikapanda na namba, na mkono ukaja tena.

Ziwa lilirudi nyuma kidogo, likapanda tena, likarudi. Mara mbili kichwa cha msalaba wa kaburi kilionekana, nikakimbia kumwambia, naye akashika upindo, akasema Mungu ni mwema. Baba mdogo aliweka vijana wa kuchimba tayari. Halafu upepo na mvua, maji juu tena. Mimi na kaka hatukuwa na la kufanya. Baba alizidi kuisha. Wiki ya mwisho hakuinuka, nikawa naleta namba kitandani, na mkono ulipokuja ulikuwa mwepesi kama wa mtoto, ikabidi niinue upindo mwenyewe na kuuweka vidoleni mwake. Alikuwa na nguvu za kusugua tu.

Alikufa mchana, kaka akimshika kichwa. Tulipokaa kuamua mahali, hatukuwa na mjadala mrefu, kwa sababu nafasi ya mtu mmoja upande wa kulia ilikuwa chini ya maji, na yeye mwenyewe alishasema tusimsumbue mtu kwa ajili yake. Tulimchimbia juu, karibu na geti, mbali na mke wake kwa urefu wote wa minyaa aliyoipanda ili amfikie. Watu walisema ni mahali pazuri, pana kivuli.

Asubuhi ya mazishi, kabla wasifu haujasomwa, niliangalia saa. Ilikuwa moja kasoro. Nilishuka peke yangu kwa nguo za msiba, nikaingia majini, nikainama, nikahesabu mawimbi kumi. Nikapanda katikati ya watu waliolala uwanjani na wanawake waliokuwa wanachochea masufuria. Walinipisha, na nikasikia mmoja anamwambia mwenzake anihurumie, mwalimu amechanganyikiwa.

Jeneza lilikuwa sebuleni, wazi mpaka kifuani, mikono yake wameilaza pamoja. Nilimtajia namba. Kisha nikasogea, karibu kabisa, nikaleta upindo pale unapofika mkono wake. Maji yalidondoka sakafuni, tone kwa tone, na kaka alikuwa mlangoni akinitazama na simu yenye wasifu mkononi mwake. Nilisubiri. Nilisubiri muda wa mawimbi kumi. Mkono haukuja, na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kuniambia andika.